Nyayo za Ukurasa wa Thelathini na Moja

1

Doa lile jekundu nililitambua kabla sijaambiwa ni la nani. Lilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa thelathini na moja, juu ya sentensi moja fupi, na lilikuwa langu.

“Nyayo zinafanana kwa asilimia tisini na sita,” alisema Profesa Rwegoshora, mkuu wa idara yetu, akinisukumia kibao cha skrini mezani. “Kijana kaiba nyayo zako, Dokta Mshana. Nyayo za mwalimu wake mwenyewe! Hata haya hana.”

“Kijana gani?”

“Ambakisye Mwaisaka. Mwaka wa kwanza.”

Nilijaribu kumkumbuka. Mrefu, sweta la kijani, anakaa nyuma karibu na dirisha, hasemi kitu. Darasa langu lina watu sitini na wote huvaa masweta, kwa sababu huku kwetu baridi haina adabu, lakini huyu nilimkumbuka kwa ule ukimya.

Hapa chuoni Nyanda mwanafunzi hasomi bila utepe. Anaufunga kwenye kipaji cha uso, anafungua kitabu, na kadiri macho yanavyokwenda utepe unaacha nyayo juu ya maneno. Kijivu maana yake macho yamepita tu. Njano, msomaji amesimama, anafikiri. Nyekundu, kuna kitu kimemgusa hadi mapigo ya moyo yakabadilika. Ukurasa usio na kituo hata kimoja unahesabiwa haujasomwa, basi, hakuna mjadala. Ndivyo tulivyotoka kwenye ile miaka ya aibu, mashine zilipokuwa zinawasomea wanafunzi, mashine zinawaandikia insha, na sisi walimu, tusijifanye watakatifu, tunazipa mashine hizo hizo zisahihishe. Mtu alimaliza shahada hajawahi kukaa na kitabu kimoja hadi kikamuudhi.

Mimi nilikuwa mpiga debe mkubwa wa utepe. Nilisema kwenye vikao, nikagombana na watu.

“Fomu hiyo hapo,” aliendelea Rwegoshora. “Maswali mawili, weka ndiyo au hapana, kesho saa nne iwe imefika kamati ya nidhamu. Atadisko, afukuzwe chuo, na akidisko kwa kosa la nyayo hakuna chuo kitakachompokea kwa miaka kumi. Wenzake watajifunza.”

“Sawa,” nilisema, na nilimaanisha. Nilikuwa na hasira. Unajua, doa lile halikuwa jambo la darasani. Kitabu chenyewe kinaitwa *Makabidhiano*, ni kumbukumbu za karani aliyetumwa kukusanya funguo za nyumba kwenye kijiji kilichokuwa kinahamishwa kupisha bwawa. Sentensi yenyewe inasema: “Mama mmoja alifagia nyumba yote, akafunga mlango, akanipa ufunguo.” Nyumba itazama kesho yake, lakini yeye anafagia. Kila mwaka nikifika hapo nasimama dakika nne nzima, kwa sababu mama yangu mzazi, asubuhi ile aliyopelekwa hospitali ya rufaa akijua harudi, aliomba ufagio kwanza. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Sasa huyu kijana wa sweta la kijani alikuwa amesimama dakika nne pale pale, sekunde kwa sekunde, kama aliyeingia chumbani kwangu bila hodi.

2

“Shikamoo, Dokta.”

“Marahaba. Funga mlango. Kaa.”

Ambakisye alikaa ukingoni mwa kiti, mikono kaibana katikati ya magoti. Niligeuza kibao kimwelekee.

“Hii ni nini?”

Aliangalia. Hakuuliza ni nini wala hakujifanya hajui.

“Ni desa, Dokta.”

Ebo! Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilikuwa na maswali yangu sita ya kumbana, sasa yote yakawa hayana kazi.

Desa ni kitu cha zamani kuliko utepe, zamani kuliko mimi. Enzi za wazazi wetu yalikuwa makaratasi ya majibu, yaliyorudufiwa hadi herufi zimefifia, yanarithishwa kutoka mwaka wa tatu kwenda wa pili, wa pili kwenda wa kwanza. Sasa wanarithishana nyayo. Kwa sababu utepe una uwezo wa kusindikiza: ukiwekewa nyayo za mtu mwingine, unakupunguza mwendo pale aliposimama yeye, kidogo tu, kama mtu aliyekushika kiwiko. Sisi wenyewe tunatumia kisindikizi hicho kihalali. Wiki ya kwanza wanafunzi wapya wanasindikizwa na nyayo za mwalimu wao, wajue kusimama kunafananaje, kisha tunazifuta. Bila shaka kuna mjanja wa mwaka fulani aliyezihifadhi zangu kabla hazijafutwa.

“Umelipata kwa nani?”

“Dokta, naomba usinilazimishe kumtaja mtu. Nimelitumia mimi.”

“Kwa nini? Kitabu kina kurasa tisini, kijana. Tisini! Si msahafu. Ulishindwa nini kukisoma?”

“Nimekisoma mara tatu.”

“Bila desa?”

“Bila desa. Mara tatu zote kijivu kitupu. Utepe ukaandika hajasoma, hajasoma, hajasoma. Nikaambiwa mara ya nne nikipata sifuri nadisko. Mimi sisimami, Dokta. Nikisoma nasoma tu, kama nasikiliza mtu anaongea, sipendi kumkatiza. Kufikiri nafikiri baadaye. Nafikiri nikifua.”

“Ukifua?”

“Nguo. Jumamosi. Nikiwa kwenye karo la kufulia ndiyo mambo yote ya kitabu yanakuja, naanza kubishana nayo. Lakini utepe hauruhusiwi kwenye maji.”

Nilitaka kucheka na nilitaka kumfokea, na sikujua nianze na lipi. Miaka yote ile ya kupiga debe vikaoni, hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza je, yule anayefikiri akifua? Lakini nikajikaza. Msomi mzima siwezi kuyumbishwa na hadithi ya karo.

“Sawa. Tuseme ulisoma. Hapa,” nikagonga doa jekundu kwa ukucha, “ulisimama dakika nne na moyo ukabadilika. Utepe unaweza kukusimamisha, lakini mapigo ya moyo hauwezi kukupa. Ulifanyaje? Ulikimbia ngazi?”

Alitikisa kichwa. Kisha, kwa mara ya kwanza, akaniangalia usoni.

“Utepe ulinisimamisha hapo, nikakaa. Nikasema, Dokta kasimama hapa, kaona nini? Maana mimi nilishapita hapo mara tatu sikuona kitu. Mama anafagia, basi. Nikakaa, nikakaa. Halafu nikamkumbuka babu.”

“Babu yako?”

“Kule kwetu Rungwe. Alikuwa na ng'ombe mmoja mzee, hana maziwa tena. Siku ya kuchinjwa wachinjaji walikuwa waje saa mbili. Saa kumi na mbili asubuhi babu akampeleka mtoni kumwogesha. Akamsugua hadi kwato. Mimi nilikuwa mdogo, nikamwambia babu, si wanamchinja leo? Hakunijibu. Nilimwona mzee kachanganyikiwa, nikawasimulia wenzangu shuleni, tukamcheka. Sijawahi kulifikiria tena hadi nilipokaa pale. Babu alishafariki. Dokta, mimi nilimcheka.”

Aliinama, akafuta macho kwa mkono wa sweta.

Kituo kilikuwa changu. Ng'ombe alikuwa wake. Machozi yalikuwa yake, hayo niliyaona kwa macho yangu. Sasa niambie wewe, hapo kasoma nani?

“Nenda,” nilisema. “Kesho saa tatu na nusu uwe hapa. Na usioge kwa wasiwasi ukasahau kula.” Sijui hata nilimaanisha nini. Maneno yalitoka tu.

3

Ukiwa umechanganyikiwa hapa chuoni unakwenda kwa Chaula. Ni fundi wa tepe, ana karakana nyuma ya maktaba, na kila mtu akiingia anapewa chai ya tangawizi kabla hajasema shida yake.

“Nataka ufungue nyayo zangu za *Makabidhiano*,” nilimwambia. “Zile za asili, za mwaka niliporekodiwa. Nataka kujua kama utepe unaweza kumpa mtu moyo wa mtu mwingine.”

“Hauwezi, Dada Nakijwa. Unapunguza mwendo, basi. Ukishasimama, cha kuweka hapo unakitafuta mwenyewe.”

“Nifungulie hivyo hivyo.”

Alifungua. Kurasa zangu zikajipanga ukutani, kijivu na njano, na lile doa jekundu. Chaula akavuta miwani, akasogea, akasogea tena. Akaacha kunywa chai.

“Hee,” alisema.

“Nini?”

“Siku hii uliyorekodiwa. Kisindikizi kiko wazi.”

“Wazi maana yake nini?”

“Maana yake hukuwa unasoma peke yako.” Alishusha orodha ya namba, akafuata moja kwa kidole. “Ulikuwa unasindikizwa na nyayo za marehemu Mtweve.”

Nilikaa kwenye stuli bila kuangalia kama ni safi. Profesa Mtweve ndiye aliyenifundisha mimi, na alipofariki ghafla nikapewa kozi yake na utepe wake, miaka saba iliyopita. Kila kitu chake nilirithi, hadi koti la mvua lililokuwa nyuma ya mlango.

“Haiwezekani. Utepe wa mtu aliyeondoka unafutwa. Ni utaratibu, wewe mwenyewe uliuandika!”

“Unafutwa, ndiyo.” Chaula alianza kusugua shingo. “Lakini angalia tarehe. Mzee alizikwa tarehe tatu. Wewe umerekodiwa tarehe ishirini na tisa. Arobaini ilikuwa haijapita, dada. Nguo zake hazijagawiwa, kitanda chake hakijatolewa, halafu mimi ndiyo niende kufuta alichoacha kichwani mwake? Ningewaangaliaje watoto wake? Nikasema arobaini ikipita nitafuta. Sikujua kwamba nyie mtaanza kuutumia kabla.”

“Na arobaini ilipopita?”

“Nilifuta. Ila wewe ulikuwa umesharekodiwa, na nakala ya nyayo zake ikabaki ndani ya rekodi yako.”

Sikuweza kumlaumu. Mimi mwenyewe lile koti la mvua sikuligusa hadi siku ya arobaini na moja. Nani chuo kizima angethubutu?

“Kwa hiyo hapo,” nilisema nikionyesha doa jekundu, “aliyesimama ni nani?”

Chaula aliweka nyayo za Mtweve kando ya zangu. Dakika nne, pale pale. Doa lake lilikuwa jekundu kuliko langu.

“Yeye alisimama kwa sababu gani?”

“Hilo utepe hauandiki.”

Nilitoka na chai yangu sijaimaliza. Nilitembea hadi kituo cha gari la waya linaloshuka mjini, nikasimama pale bila safari yoyote, nikiangalia vyumba vinavyoning'inia vikipanda na kushuka. Kama Mtweve asingesimama, mimi nisingesimama. Kama nisingesimama, ningemkumbuka mama na ufagio wake? Kabla ya siku ile ya kurekodiwa, ni kweli, nilijilazimisha kukumbuka, sikuwa nimewahi kumfikiria mama na ufagio. Nilikuwa nimefikiria gari la wagonjwa, dripu, daktari. Ufagio ulikuja siku ile. Nikaubeba miaka saba nikidhani nimeuokota mwenyewe, na juu ya huo ufagio nimewapima watoto wa watu, zaidi ya mia nne, huyu kasoma, huyu hajasoma.

Na huyu kijana ndiye mwizi! Nilitaka kumpigia Rwegoshora nimweleze, lakini nimweleze nini? Kwamba mwanafunzi kanakili nyayo zangu, ambazo si zangu, akapata machozi, ambayo ni yake? Angenishauri nikapumzike.

4

Ijumaa saa tatu na nusu Ambakisye alikuwa mlangoni, kavaa shati badala ya sweta, kachana nywele, kama mtu anayekwenda kuchumbia. Baridi ilikuwa inamtetemesha. Nikamwonyesha kiti.

“Sitasaini nyuma ya mgongo wako,” nilimwambia. “Kaa uone.”

Nilifungua fomu. Nayo husomwa kwa utepe, maana kamati haipokei sahihi ya mtu asiyesoma anachokisaini. Nikaufunga kwenye kipaji cha uso. Swali la kwanza: *Je, nyayo hizi ni za mwanafunzi mwenyewe?* Nikasimama hapo, na safari hii hakuna aliyenisimamisha. Utepe ukapaka njano, njano ikakolea.

Nikiandika ndiyo, ni uongo, kila kituo chake kimetoka kwangu. Nikiandika hapana, ni uongo pia, kwa sababu yule ng'ombe sikumpa mimi. Fomu ilikuwa na vijisanduku viwili tu. Aliyeitengeneza fomu hii hajawahi kusoma kitu maishani mwake.

“Dokta,” alisema Ambakisye kwa sauti ya chini, “kama ni hapana, weka hapana. Mimi nimeshamwambia mama nyumbani.”

“Umemwambia nini?”

“Kwamba nimeiba. Kaniuliza umeiba nini, nikashindwa kumweleza. Nikamwambia nimeiba mahali pa kusimama. Kaniambia niache utani.”

Saa nne kasorobo. Nikaruka swali la kwanza, nikashuka kwenye la pili. Hili la pili nimelijibu miaka saba bila kulisoma, wallahi sijui ilikuwaje kidole changu kikawa kinagonga ndiyo kwa mazoea: *Je, nyayo za kulinganishia ni za mhadhiri mwenyewe, alizosoma bila kusindikizwa?*

Nilijua kitakachofuata. Nikigonga hapana, ulinganisho wote unakufa. Si wa huyu mmoja, wa miaka saba. Kuna watu wanne walidisko kwa nyayo zangu. Nilijua majina yao, na mmoja, binti aliyeitwa Tulinave, alilia kwenye kiti hiki hiki alichokalia Ambakisye, akiniapia kwamba amesoma, na mimi nikamwambia utepe haudanganyi. Nikigonga hapana, kamati itaacha kumuuliza kijana na itaniuliza mimi. Rwegoshora hatanisemesha tena. Kozi watampa mtu mwingine, na utepe wangu utafutwa siku hiyo hiyo, mimi sijafa, sina arobaini ya kusubiriwa.

Niliogopa. Nasema wazi. Kidole kilikwenda kwenye ndiyo peke yake, kama kilivyozoea, nikakikamata kwa mkono wa pili.

Nikagonga hapana.

Kibao kikafikiri. Kikaandika: *Ulinganisho umebatilishwa. Swali la kwanza limeondolewa. Mhadhiri asubiri wito wa kamati.* Na lile swali la kwanza, lililoninyima amani kutwa nzima ya jana, likafutika mbele ya macho yangu. Hakuna tena aliyetaka jibu lake. Mimi bado nilikuwa nalitaka.

Nilivua utepe nikauweka kwenye droo.

“Kwa hiyo, Dokta, nimedisko au sijadisko?”

“Hujadisko. Mimi ndiye ninayesubiri.”

“Kwa nini wewe?”

“Nitakueleza siku nitakayoelewa.” Nilinyanyuka, nikatoa rafuni *Makabidhiano* ya karatasi, nakala ya Mtweve, jalada limeshikiliwa kwa gundi. “Ukurasa wa thelathini na moja. Soma kwa sauti. Hakuna utepe, hakuna desa. Usinisubiri mimi na mimi sikusubiri wewe.”

Alisafisha koo akaanza. Ana sauti nzuri, sikuwahi kuijua. Alisoma kama alivyosema, bila kumkatiza karani. Alifika kwa yule mama na ufagio, nikashika ukingo wa meza. Akapita. Nami, ajabu, nikapita naye, mama yangu akanipungia kwa mbali tu. Akasoma sentensi inayofuata, ambayo nimeipitia miaka saba ikiwa kijivu, kwa sababu siku zote nilikuwa bado nashangaa ile ya nyuma yake:

“Niliutia ufunguo mfukoni, na mpaka leo ninao, sijui nimkabidhi nani.”

“Simama hapo,” nilisema.

Alisimama. “Kuna nini hapo, Dokta?”

“Sijui. Sijawahi kufika hapo.”

Aliangalia kitabu, akaniangalia mimi, akakivuta kiti chake karibu na meza. Akauliza kama nina nguo yoyote inayohitaji kufuliwa, maana hapa bila karo hataweza kunisaidia. Nikamwambia kwangu kuna karo, na nguo zipo, twende.